UZI: Kitufe cha "Rudi" hakitakiwi kufungua ukurasa mpya (kubadilisha skrini katika programu za iPhone)

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiandika programu za iPhone kwa lugha ya Swift, na mara kwa mara huletewa kazi za vijana wanaoanza ili nizikague. Kosa ninalokutana nalo kuliko yote halihusu hesabu wala hifadhidata. Linahusu namna ya kumtoa mtumiaji kwenye skrini moja na kumpeleka kwenye nyingine, na hasa namna ya kumrudisha alikotoka. Nimeona nilifungulie uzi kwa sababu nami niliwahi kulifanya, tena mbele ya watu.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Klasi ya UIViewController nitaiita kidhibiti. Kila kidhibiti husimamia skrini moja au kipande cha skrini: hutengeneza kinachoonekana, hupewa taarifa kabla hakijaonekana, na hupewa taarifa tena kinapoondoka. Vidhibiti vinahitaji mwenyeji wa kuvipokeza zamu, na mwenyeji anayetumika zaidi ni UINavigationController, ambaye huvipanga katika rundo kama sahani kabatini. Ukiita pushViewController unaweka sahani juu. Ukiita popViewController unaondoa ile ya juu, na iliyokuwa chini yake inaonekana tena ikiwa ileile, na data zake zilezile, hata orodha ikiwa imesimama palepale ulipoiachia.

Sasa kisa chenyewe. Niliwatengenezea akina mama wa mtaani kwetu programu ndogo ya kutunza kumbukumbu za kikoba. Ilikuwa na skrini tatu tu: orodha ya wanachama, ukurasa wa mwanachama mmoja wenye hisa na marejesho yake, na fomu ya kuingiza malipo. Siku ya kikao mweka hazina huingiza malipo ya watu wapatao thelathini kwa mfululizo, akitoka kwenye orodha kwenda kwa mwanachama, kisha kwenye fomu, kisha kurudi kwenye orodha. Pale alipobonyeza "Hifadhi", mimi niliandika msimbo uliounda kidhibiti kipya cha orodha na kukisukuma juu ya rundo. Kwa macho kila kitu kilikuwa sawa, kwa kuwa orodha ilitokea na jina la aliyelipa lilikuwa na alama ya kijani.

Kikao kilipofika kwa mwanachama wa ishirini hivi, simu ilianza kugoma. Mweka hazina akanipigia na kuniambia jambo ambalo sikulielewa mara moja: "Mwanangu, nikibonyeza kurudi inanipeleka kwa mtu niliyeshamaliza naye, nikibonyeza tena kwa aliyemtangulia, na haifiki mwisho."

Fanyeni hesabu. Kila mwanachama aliongeza sahani tatu: ukurasa wake, fomu yake na orodha mpya. Kwa wanachama ishirini hizo ni sahani sitini, ukijumlisha na orodha ya kwanza ni sitini na moja, na hakuna hata moja iliyowahi kuondolewa. Baya zaidi, kila orodha kati ya zile ishirini na moja ilikuwa bado inasikiliza mabadiliko ya hifadhidata, kwa hiyo kila malipo mapya yalizifanya zote zisome upya majina yote, ingawa mtumiaji alikuwa anaona moja tu. Simu haikuwa na kosa lolote.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: badala ya kuunda orodha mpya, niliita popToRootViewController, amri inayoondoa sahani zote na kubakiza ya chini kabisa. Ukitaka kurudi katikati ya rundo, ipo popToViewController, ambayo unaipa kidhibiti kilekile unachokitaka kati ya vile vilivyomo katika orodha ya viewControllers.

Hata hivyo, swali la maana ni kwa nini niliandika hivyo tangu mwanzo, na nimegundua kwamba vijana wengi hufanya kosa hili kwa sababu ileile. Nilijaribu kwanza njia sahihi, nikarudi kwenye orodha, nikakuta malipo mapya hayaonekani. Msimbo wa kusoma hifadhidata nilikuwa nimeuweka ndani ya viewDidLoad, nayo huitwa mara moja tu, mwonekano unapopakiwa. Sahani iliyokuwa chini ilirudi juu ikiwa na data za zamani, kwa haki kabisa, maana hakuna aliyeiambia isome upya. Nikadhani kurudi ndiko kubovu, nikaamua kufungua mpya. Laiti ningehamishia usomaji huo kwenye viewWillAppear, ambayo huitwa kila kidhibiti kinapokaribia kuonekana, kosa lote lisingezaliwa.

Nadhani pia tunabeba mazoea kutoka kwingine. Aliyeanzia kwenye tovuti amezoea kwamba kiungo cha "Nyumbani" huleta ukurasa mpya kutoka kwenye seva, na menyu zetu za nyota na reli zina tabia hiyohiyo: kila jibu ni ukurasa mpya unaotumwa, simu yenyewe haikumbuki ulikotoka. Ndani ya iPhone kumbukumbu ya ulikotoka imo mkononi mwako, na usipoifuta haijifuti.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

#2 Mchangiaji

Mkuu, asante kwa uzi huu, kwa kuwa umenigusa moja kwa moja. Nimehamishia usomaji wangu kwenye viewWillAppear na nikirudi kwa pop orodha inajisoma upya vizuri. Tatizo ni kwamba fomu yangu siisukumi kwenye rundo, bali naileta kutoka chini kwa amri ya present, na nikiifunga orodha inabaki na data za zamani. Jambo linalonishangaza ni kwamba msimbo uleule, kwenye iPhone ya zamani yenye iOS 12 (toleo la mfumo endeshi wa iPhone), unafanya kazi bila tatizo.

#3 Mwanzisha uzi

Umeona sawasawa, na simu yako ya zamani haikudanganyi. Mpaka iOS 12, present kwenye iPhone ilifunika skrini nzima kama kawaida yake, na kidhibiti cha nyuma kilihesabiwa kuwa kimeondoka. Tangu iOS 13, iliyotoka mwaka 2019, kawaida ikabadilika: fomu huja kama kadi, ukingo wa skrini ya nyuma ukibaki unachungulia kwa juu. Kwa kuwa skrini ya nyuma haikuondoka, haiwezi kurudi. Kwa hiyo kadi ikifungwa viewWillAppear ya orodha haiitwi.

Wengi hukimbilia kuweka modalPresentationStyle kuwa .fullScreen ili mambo yarudi kama zamani. Inafanya kazi, ila kwa maoni yangu ni kuficha tatizo, kwa sababu orodha yako inategemea ajali ya mwonekano ili ijue kwamba kuna malipo mapya. Afadhali fomu yenyewe iseme. Ipe fomu kigezo kinachoshika kipande cha msimbo, tuseme baadaYaKuhifadhi, na orodha ikijaze kabla ya kuileta fomu. Malipo yakishahifadhiwa fomu inakiita, kisha orodha ndiyo inayoita dismiss, amri ya kuifunga fomu. Aliyemleta mgeni ndiye anayemsindikiza.

Kuna mtego wa pili katika kadi hizo. Mtumiaji anaweza kuivuta kadi chini kwa kidole na kuifunga bila kugusa kitufe chako chochote. Ukitaka kujua kwamba amefanya hivyo, jiweke kuwa mjumbe (delegate, yaani anayepelekewa taarifa) wa presentationController ya fomu, kitu kinachosimamia kadi, na utumie presentationControllerDidDismiss. Zingatia mambo mawili: taarifa hiyo huja mtumiaji anapovuta kwa mkono tu, wala haiji ukiifunga kwa msimbo, na kama fomu umeiweka ndani ya UINavigationController yake, basi mjumbe awekwe kwenye huyo mwenyeji aliyeletwa, si kwenye fomu iliyomo ndani. Hapo nilipoteza jioni nzima.

Kama fomu imejazwa nusu na hutaki ipotee kwa kidole kilichoteleza, weka isModalInPresentation kuwa true. Kadi itavutika kidogo na kurudi mahali pake, nawe utapata taarifa ya presentationControllerDidAttemptToDismiss, ambapo unaweza kumuuliza mtumiaji kama kweli anataka kuacha.

#4 Mchangiaji

Naomba msaada kwa hili. Programu yangu ikifunguka huangalia kama mtumiaji ameshaingia kwa nywila yake. Kama bado, naita present ndani ya viewDidLoad ya skrini kuu ili nilete skrini ya kuingia. Haitokei chochote, ila napata onyo kwamba najaribu kuleta kidhibiti juu ya kingine ambacho mwonekano wake haumo katika dirisha. Nikihamishia kwenye viewDidAppear inatokea, lakini skrini kuu inamulika kwanza kwa nusu sekunde, na mteja wangu halitaki hilo.

#5 Mchangiaji

Nimjibu mwenzetu wa #4, maana nimepita njia hiyo. Onyo hilo linasema ukweli mtupu: wakati wa viewDidLoad mwonekano umeshatengenezwa lakini bado haujatundikwa kwenye dirisha, na huwezi kuegemeza kitu kwenye ukuta ambao haujasimamishwa. Ukihamia kwenye viewDidAppear ukuta umeshasimama, ila watu wameshauona, ndiyo maana inamulika.

Kosa liko kwenye mpangilio, wala si kwenye wakati wa kuita. Skrini ya kuingia si mgeni wa skrini kuu. Ni hali nyingine kabisa ya programu. Kwa hiyo uamuzi ufanyike mapema zaidi, ndani ya SceneDelegate, klasi inayoandaa dirisha programu inapofunguka, kabla dirisha halijaonyeshwa: kama hajaingia, rootViewController ya dirisha iwe skrini ya kuingia, na kama ameingia iwe skrini kuu. Akifanikiwa kuingia, unabadilisha mzizi huo. Faida yake ni kwamba skrini ya kuingia inaondoka kabisa na hakuna kitufe cha kurudi kitakachomrudisha kwenye nywila.

Ukifanya hivyo, funga kwanza kadi zozote zilizo wazi kabla ya kubadilisha mzizi. Niliwahi kuweka kitufe cha "Toka" ndani ya kadi ya mipangilio na kubadilisha mzizi huku kadi iko juu, matokeo yake kadi na kila ilichokishikilia vikabaki kwenye memori.

Binafsi, hata hivyo, siku hizi sigusi mzizi wa dirisha. Naweka kidhibiti kimoja mzazi ambacho hakibadiliki tangu programu inafunguka hadi inafungwa, na ndani yake nabadilisha watoto. Uwezo huu upo tangu iOS 5 ya mwaka 2011, na msimbo wake ni mfupi:

```
func badilisha(_ zamani: UIViewController, kwa kipya: UIViewController) {
    zamani.willMove(toParent: nil)
    zamani.view.removeFromSuperview()
    zamani.removeFromParent()

    addChild(kipya)
    kipya.view.frame = view.bounds
    kipya.view.autoresizingMask = [.flexibleWidth, .flexibleHeight]
    view.addSubview(kipya.view)
    kipya.didMove(toParent: self)
}
```

Angalieni jinsi amri zilivyopishana. Wakati wa kumtoa mtoto wewe ndiye unayeita willMove, kisha removeFromParent inajiitia didMove yenyewe. Wakati wa kumwingiza ni kinyume, addChild inajiitia willMove na wewe unamalizia kwa didMove. Anayesahau addChild na kutundika mwonekano peke yake ataona skrini inaonekana vizuri, kisha atashangaa mbona mtoto hapati taarifa za simu kugeuzwa au vitu vingine ambavyo mzazi humpitishia.

#6 Mwanzisha uzi

Nakubaliana na #5 kuhusu mzazi asiyebadilika, ingawa kwa programu ya skrini tatu kubadilisha mzizi wa dirisha kunatosha kabisa. Inafaa pale watoto wanapozidi wawili, kwa mfano kuingia, usajili wa mara ya kwanza, na skrini kuu yenye vichupo.

#7 Mchangiaji

Mimi ni mwanafunzi, mnisamehe kama swali ni dogo. Mtajuaje kwamba kidhibiti kilichoondolewa kwenye rundo kimekufa kweli? Nimetumia pop kama ilivyoelekezwa, lakini memori inaongezeka kila ninapofungua na kufunga ukurasa wa picha.

#8 Mwanzisha uzi

Swali si dogo hata kidogo. Andika deinit, sehemu inayoitwa kidhibiti kinapokufa, ndani ya kidhibiti hicho na uweke print yenye jina lake. Ukirudi nyuma na maneno yasipotokea, kuna mtu bado amekishika.

Tafuta kwanza vipande vya msimbo vinavyotaja self (yaani kidhibiti hicho) ndani yake na kuhifadhiwa na kidhibiti chenyewe. Kidhibiti kimekishika kipande, kipande kimekishika kidhibiti, na hakuna anayemwachia mwenzake. Weka [weak self] mwanzoni mwa kipande hicho, ili kisikishike kidhibiti kwa nguvu. Kisha angalia wajumbe: kigezo cha mjumbe kinatakiwa kuwa weak. Mwisho angalia Timer inayojirudia, kwa sababu Timer humshika kwa nguvu yule unayemweka kama mlengwa wake mpaka uiite invalidate, amri ya kuisimamisha. Na kuiweka invalidate ndani ya deinit hakusaidii, maana deinit yenyewe inaisubiri Timer iachie. Kwa ukurasa wa picha ningeanza na vipande vinavyosubiri picha ishuke kutoka kwenye intaneti. Ukikwama, Xcode, programu tunayoandikia msimbo, ina kitufe cha kuchora ramani ya memori wakati programu inaendelea, na mishale yake itakuonyesha nani amemshika nani.

#9 Mchangiaji

Wakuu, kwa heshima zote, naona mnajitesa bure. SwiftUI, mfumo mpya wa Apple wa kuandika skrini, ilitoka mwaka 2019, na tangu iOS 16 ya mwaka 2022 tuna NavigationStack ambayo njia yake (skrini zilizo wazi kwa mpangilio) ni safu ya kawaida. Mambo ya vidhibiti, wazazi na wajumbe ni ya zamani. Anayeanza leo asipotezewe muda.

#10 Mwanzisha uzi

Mkuu, SwiftUI naitumia na naipenda, na hata ndani ya programu ya kikoba ukurasa wa mwanachama sasa umeandikwa kwa SwiftUI na kuwekwa ndani ya UIHostingController, kidhibiti kinachobeba skrini za SwiftUI. Lakini angalia hiyo safu yako ya njia. Mtumiaji akihifadhi malipo, kijana aliyefanya kosa langu ataandika njia.append(.orodha), na anayejua ataandika njia.removeAll(). Rundo ni lilelile, sahani ni zilezile, limebadilika kabati tu. Isitoshe, kazi nyingi za kulipwa zinazokuja mezani ni za kurekebisha programu zilizoandikwa miaka iliyopita, na humo utakutana na vidhibiti utake usitake.

#11 Mchangiaji

Naongezea kidogo kwa wenye programu kubwa. Mwaka 2015 mwandishi wa programu Soroush Khanlou alieneza mtindo wa kuwa na mratibu, kitu kinachokaa pembeni ya vidhibiti na kuamua nani afuate baada ya nani, ili fomu isijue kabisa kwamba kuna orodha duniani. Katika kazi yangu ya sasa tuna mtiririko mmoja wa uthibitisho wa kitambulisho unaoanzishwa kutoka sehemu nne tofauti, na kila sehemu inataka mtumiaji arudi kwake. Kabla ya mratibu, ukurasa wa mwisho ulikuwa na masharti ya "kama umetoka kule, rudi kule" yaliyojaa skrini mbili za msimbo. Sasa ukurasa huo unasema "nimemaliza" na kunyamaza.

Ila nakubali kwamba kwa skrini tatu ni kununua lori la kubebea kilo mbili za unga.

#12 Mchangiaji (wa #2)

Nimerudi kutoa mrejesho. Nimeipa fomu kipande cha baadaYaKuhifadhi na orodha sasa inajisoma upya, kadi ikifungwa kwa kitufe au kwa kidole. Pia nimechapisha idadi ya viewControllers kila ninaporudi kwenye orodha, na baada ya kuingiza malipo arobaini ya majaribio imebaki moja.

Limebaki moja linanisumbua. Ukurasa wa mwanachama huwa unafuta rasimu ya maelezo mtumiaji anapoondoka, na nimeiweka kazi hiyo ndani ya viewWillDisappear. Mtumiaji akianza kutelezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto ili arudi, kisha akaghairi katikati, ukurasa unabaki lakini rasimu imeshafutika.

#13 Mwanzisha uzi

Ni kwa sababu viewWillDisappear huitwa mara tu kidole kinapoanza kuvuta, wakati safari bado haijawa na uhakika. Akighairi, mfumo unaita viewWillAppear tena na viewDidDisappear haifikiwi kabisa. Hamishia ufutaji kwenye viewDidDisappear, na humo uulize kwanza isMovingFromParent. Ikiwa true, ukurasa umetolewa kwenye rundo kweli. Ikiwa false, umefunikwa tu na kingine, na rasimu iache mahali pake.